Njia Iliyopotea Ukutani

Majani hayafichi njia ipitwayo. Mmeisikia methali hii leo, wajukuu zangu, mkataka kujua imetoka wapi. Basi ilitoka kwenye ugomvi wa majirani wawili, nao ulikuwa umefika hapa:

"Futa, Nyamizi! Nasema futa!" Kalunde alipiga kelele toka uani kwake. "Watu watasema kwangu hakuendwi!"

Nyamizi hakugeuka. Kesho wangekuja washenga kumposa binti yake, na washenga wa kwetu mnawajua: kabla ya kukaa hupita kwanza kwa jirani kuuliza, huyu msichana kalelewaje? Kwa ajili yao alikuwa akipamba ukuta wa nyumba yake kwa udongo mwekundu na wa njano, jivu na masizi. Alichora miombo inayopukutisha majani, ukungu wa asubuhi umelala katikati ya mashina, na njia nyembamba itokayo mlangoni kwake kwenda kwa Kalunde. Ila njia ile ilififia katikati, ikamezwa na majani.

"Nimechora ninachokiona," akasema. "Wewe unaona njia hapo?"

Wote wakatazama chini. Majani mekundu yalikuwa yametanda mlango hadi mlango kama mkeka mpya, bila unyayo hata mmoja. Tangu wagombanie kinu wakati wa mavuno, hakuna aliyevuka. Na kijiji kizima kilijua. Nani angenyamaza na habari tamu vile?

Nyamizi akashtuka. Alitaka kupamba nyumba, kumbe ameuchora ugomvi. Washenga wangeuona ukutani kabla hata ya kupiga hodi. Akachovya kijiti kwenye udongo wa njano, akajaribu kuivuta njia mbele. Ikakataa. Alikuwa amesahau ilipopinda.

"Si huko, kipofu we!" Kalunde alishindwa kuvumilia. "Inapita kulia kwa ule mti wa mninga!"

"Hebu njoo unionyeshe, mjuaji."

Kalunde akaja, khanga begani, majani yakilia chakacha chakacha, kidole mbele, anafoka. Ukungu mwepesi uliokuwa kati ya miti ukamfunika, ukamwachia. Alipofika, Nyamizi hakumtazama yeye, alitazama nyuma yake. Njia ilikuwa pale, kwenye majani aliyoyakanyaga Kalunde, imepinda kulia kwa mninga.

"Kesho washenga wakikuuliza, utasemaje?" akauliza taratibu.

"Nitasema mama mtu ana maneno." Kalunde akavuta pumzi. "Lakini mtoto nimembeba mgongoni mwenyewe, hana doa."

Nyamizi akaweka kijiti chini.

"Kumbe majani hayafichi njia ipitwayo," akasema. "Ingia, mwenzangu, ugali unapoa."