Nguchiro na Madaftari Matatu Yaliyonyakuliwa

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata chaki ilikuwa kitu kigeni, wanyama walijenga shule kando ya mto. Shule hasa, si mchezo! Madawati yalikuwepo, ubao ulikuwepo, na mwalimu alikuwa mmoja tu: Kongoti, yule ndege mrefu mwenye kipara. Alifundisha kila kitu peke yake. Akimaliza sayansi anakohoa, kho! kho!, anaanza historia. Akimaliza historia anakohoa tena, anaanza fasihi.

Nyie mnaocheka kipara cha mwalimu, nawaona. Ngojeni kwanza.

Katika shule hiyo alisoma Nguchiro. Mdogo, mkia mrefu, macho hayatulii. Katika ukoo wao wote hakuna aliyewahi kukalia dawati. Baba yake alichimba wadudu, babu yake alichimba wadudu, na shangazi zake wanachimba wadudu hadi leo. Siku ya kwanza mama yake alimsindikiza mpaka mlangoni akamwambia, "Soma, mwanangu. Mashimo tunayo tele. Msomi hatuna hata mmoja."

Nguchiro akasoma kweli. Mwalimu akisema neno, kalamu yake tayari iko mwisho wa mstari, kwaru kwaru kwaru! Alikuwa na madaftari matatu: la sayansi, la historia na la fasihi. Mawili aliyajalidi kwa karatasi safi. La tatu karatasi zilimwishia, akalijalidi kwa ile iliyofungiwa dagaa wa kukaanga.

Ila alikuwa na kasoro moja. Mkono wake ulikuwa na haraka kuliko kichwa. Aliandika yote, lakini jambo halikumkaa kichwani mpaka alisikie likisomwa upya, taratibu, kwa sauti. Wengine ndivyo tulivyo, na wala si ujinga.

Sasa, darasani walikuwemo vigogo watatu. Kiboko alisinzia tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Nyati kila siku aligombania kiti mpaka somo likaisha. Na Fisi? Fisi alikuwa akiomba ruhusa ya kwenda msalani, mguu unampeleka jikoni. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na notisi.

Zikiwa zimebaki siku tatu, Mwalimu Kongoti akatangaza, "Mtihani wa mwisho unakuja. Atakayeshindwa, jina lake nalifuta kwenye kitabu cha shule. Harudi tena."

Vigogo wakatazamana. Kengele ilipolia wakamzingira Nguchiro nyuma ya darasa.

"Lete hilo la sayansi!" akanguruma Kiboko.

"La historia hapa!" akasema Nyati.

Na Fisi? Alinusa, mff! mff!, akachukua lile la dagaa.

"Jamani, kaka zangu!" Nguchiro akalia. "Na mimi nitasoma nini?"

"Utajua mwenyewe," akasema Kiboko. "Na ukithubutu kumwambia mwalimu, nitakuja kukalia shimo lenu. Mama yako akiwa ndani."

Basi tena. Nani atajibizana na makalio ya Kiboko? Nguchiro alikwenda zake nyuma ya kichuguu akalia sana, machozi ya kweli. Akilini alimwona mama yake akipokea habari kwamba jina limefutwa. Aliwaona shangazi zake wakimkabidhi sehemu yake ya kuchimba.

Mimi niliwahi kunyang'anywa daftari la hesabu nikiwa mdogo, kwa hiyo msiniambie hakuna cha kulilia hapo.

Alipomaliza kulia akajipangusa pua. "Madaftari sitayapata tena," akajiambia. "Lakini masikio yangu bado ninayo."

Asubuhi yake akashuka mtoni. Kiboko alikuwa majini, pua tu ndiyo inaonekana. Daftari la sayansi lilikuwa limewekwa juu ya jiwe, halijafunguliwa.

"Hodi, Kaka Kiboko!"

Chubwi! Kichwa kikaibuka. "Umefuata daftari? Sitoi!"

"La hasha! Nimekuja kusikiliza tu. Wanafunzi wote wanasema Kiboko akisoma sayansi kwa sauti, hata samaki wanafaulu."

"Wanasema hivyo?"

"Wallahi! Kasuku anabisha, lakini Kasuku ana wivu na sauti yako."

Kiboko akavuta pumzi, tumbo likajaa. Akafungua daftari akanguruma mpaka majani yakatikisika. "JUA HUPASHA MAJI JOTO! MAJI HUWA MVUKE! MVUKE HUPANDA, HUPOA, HUWA MAWINGU!"

"Ala! Ngozi imenisisimka! Hebu rudia, Kaka, ila taratibu, nilionje vizuri."

Kiboko akarudia taratibu. Akasoma mizizi jinsi inavyoshika udongo, na udongo jinsi unavyohifadhi maji. Akasoma daftari zima, mara mbili. Alikuwa anaisikiliza sauti yake tu, akafumba macho kwa raha. Nguchiro naye alikuwa anasikiliza sayansi.

Siku hiyohiyo alasiri akaenda kwa Nyati. Kwa Nyati sifa hazifai. Nyati anataka ugomvi.

"Kaka Nyati, pole sana."

"Pole ya nini?"

"Nasikia daftari ulilochukua lina kurasa pungufu. Habari za Ukame Mkuu hazimo."

"Nani kasema?" Nyati akapiga kwato, tifu!

"Watu tu. Wanasema ulibeba jalada ukaacha historia."

"Mimi? Mimi nibebe jalada? Kaa hapo! Kaa hapo usikie!" Akafungua daftari kwa hasira, pembe ikatoboa ukurasa. "'Wakati wa Ukame Mkuu tembo waliangusha miti yote ya kwenye chanzo cha mto. Mto ukakauka.' Imo au haimo?"

"Hiyo imo. Lakini nani aliyeuokoa mto? Hapo ndipo panapokosekana."

"Panapokosekana wapi! 'Bi Mbega aliitisha baraza, kila mnyama akapanda miti arobaini!'"

"Arobaini? Nilidhani thelathini."

"Arobaini! ARO-BA-I-NI! Nisome tena?"

"Usisome, Kaka. Utachoka bure, na kurasa za mwisho hazimo hata hivyo."

Mnajua alichofanya? Alisoma mpaka neno la mwisho, mapovu yakimtoka. Nguchiro akaondoka akisema, "Nimeshindwa mimi, Kaka. Nisamehe." Nyati akaota jua, amefurahi ajabu kwa kumshinda.

Ikabaki siku moja. Nguchiro akakimbilia kwa Fisi, akafika akashika kichwa. Yarabi! Jalada la dagaa lilishaliwa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mdomoni, kacha kacha kacha!

"Kaka Fisi! Unafanya nini?"

"Ninajiandaa na mtihani," akajibu Fisi bila haya. "Wengine notisi wanaziweka kichwani, kichwa kinasahau. Mimi naziweka tumboni. Kikiingia tumboni kimeingia."

Nguchiro alitamani kupiga yowe, maana fasihi ilikuwa inamezwa mbele ya macho yake. Lakini akajikaza akaketi.

"Akili nzuri hiyo. Ila nakuonea huruma. Unakula bila kujua unakula nini."

Fisi akasimamisha taya. "Vipi?"

"Mtu akipewa mboga haulizi kwanza ni kuku au samaki? Ndiyo maana anausikia utamu. Wewe unatafuna gizagiza. Usome kwanza ukurasa, ujue ni wa nini, ndipo uumeze."

Fisi akaulamba mdomo akafikiri. "Ina maana hii." Akachukua ukurasa wa pili. "'Wimbo wa kazi... huimbwa ili mikono iende pamoja.' Mh! Wa mikono! Nilijua una nyama." Kacha kacha!

"Taratibu, Kaka, usipaliwe. Na huo?"

"'Mstari unaorudiwa... na wote... huitwa kibwagizo.'" Kacha! "Huu una chumvi."

"Na huo mwingine?"

Wakaendelea hivyo hadi jioni. Kila ukurasa uliobaki ulisomwa ukaliwa. Wa mwisho ulipokwisha Fisi akacheua, beu!, akalala. Nguchiro alirudi nyumbani akirudia yote njiani, sayansi kwa sauti ya Kiboko, historia kwa hasira ya Nyati, na fasihi kwa kutafuna.

Siku ya mtihani ikafika. Wazazi wakakaa nje chini ya madirisha, mama yake Nguchiro akiwa amejikunja pembeni. Mwalimu Kongoti akakohoa, kho! kho!, akasema:

"Mtihani ni wa mdomo na swali ni moja. Maji ya mto yameanza kupungua. Nielezeni ni kwa nini, zamani yalipopungua kilifanyika nini, na mtawaambiaje wanyama wawasikilize. Kiboko!"

Kiboko akasimama, dawati likalia. "MVUKE HUPANDA!"

"Vizuri. Na zamani kilifanyika nini?"

"Zamani..." Kiboko akatoa jasho. "Zamani mvuke ulipanda zamani."

"Keti. Nyati!"

"Tembo! Tembo waliangusha miti, na anayebisha aje mbele!"

"Habishi mtu. Miti ikiisha, kwa nini maji yapungue?"

"Kwa sababu... kwa sababu ya tembo!"

"Keti. Fisi! Utawaambiaje wanyama wakusikilize?"

Fisi akajishika tumbo. "Mwalimu, jibu ninalo, liko humu. Nakumbuka kabisa lilikuwa na chumvi."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Nguchiro!"

Nguchiro akapanda juu ya dawati ili aonekane. Alilitazama dirisha, akaona masikio mawili ya mama yake, akaanza.

Akaeleza kwamba mizizi isiposhika udongo, mvua hukimbia juu juu haikai ardhini. Akaeleza Ukame Mkuu, Bi Mbega na miti arobaini. "Na wanyama hawapendi kuamrishwa, mwalimu," akasema. "Ningewaimbia, tena wimbo wenye kibwagizo." Akaanza kupiga makofi:

"Mizizi ishike udongo!"

"Tupande, tupande tena!"

"Udongo nao ushike maji!"

"Tupande, tupande tena!"

Kufika mstari wa tatu darasa zima lilikuwa linaitikia. Nyati alikuwa anapiga kwato. Kiboko alikuwa ananguruma kibwagizo, amefumba macho.

"Umefaulu," akasema Mwalimu Kongoti.

Kiboko akazinduka. "Hapana! Kaiba! Hizo ni notisi zetu!"

"Zenu?" Shingo ndefu ikageuka polepole. "Leteni niyaone hayo madaftari."

La sayansi lilikuwa limelowa. La historia lilikuwa na matundu ya pembe. La fasihi Fisi alielekeza kidole tumboni. Mwalimu akafunua moja, akalifunua na la pili.

"Mwandiko huu ni wa Nguchiro. Na madaftari mlikuwa nayo nyie. Sasa kawaibia vipi?"

"Alikuja mtoni nikamsomea!" akafoka Kiboko.

"Hata mimi nilimsomea! Daftari zima!" akafoka Nyati.

"Mimi alinidanganya nisome kabla ya kula," akalalamika Fisi.

Ndipo wote watatu wakasikia walichokisema.

"Kwa hiyo," akasema mwalimu, "mlimnyang'anya mwenzenu madaftari, kisha mkamfundisha kila kilichomo, nyie wenyewe msijifunze." Akachukua kitabu cha shule na kitambaa chenye maji. Fyu! Fyu! Fyu! Majina matatu yakatoka. Vigogo wakatoka mlangoni mmoja mmoja, na Kiboko akakwama kidogo ikabidi asukumwe.

Nguchiro akaruka dirishani akaangukia mikononi mwa mama yake.

"Kweli hawajakufuta, mwanangu?"

"Hawajanifuta, Mama! Nimefaulu!"

"Na madaftari yako?"

"Moja limelowa, moja limetobolewa, moja limeliwa."

"Maskini! Sasa utasomea nini?"

Nguchiro akacheka huku analia. "Kaa hapa chini, Mama. Nianze na mvuke?"

Akamfundisha mama yake pale pale chini ya dirisha, bila karatasi hata moja.

Basi wanangu, elimu ni ya aliyeielewa, si ya aliyelishikilia daftari.