Chui Alivyotaka Askari wa Panya

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, vyeo na hata maabara, Chui alikuwa Mkuu wa Nchi, na Fisi alikuwa Daktari wake.

Katika maabara ya Fisi walifungiwa panya weupe na panya wa kahawia. Fisi akawadunga wote ugonjwa uleule. Weupe wakaanguka, pu! Wa kahawia wakapiga chafya, wakaendelea kutafuna.

"Ajabu!" Fisi akasema. "Ndani ya damu kuna askari. Wa hawa wanaamka, wa wale wamelala fofofo. Na amri ya kuamka hurithiwa kwa wazazi!"

Mwatime, panya aliyezaliwa na mama mweupe na baba wa kahawia, alisikia yote hayo kizimbani, huku akimpepea mama yake aliyekuwa hoi kwa homa. Yeye alikuwa amerithi askari wa baba.

Mara Chui mwenyewe akaugua ugonjwa huohuo. Chyaa! Chyaa! Akaingia maabara akiyumba.

"Daktari, nataka askari wa hao panya."

"Ni wa kurithi, Mheshimiwa."

"Mimi nisubiri urithi? Nitawala!"

"Wazo la kitaalamu kabisa!" Fisi akapiga makofi.

Chui akamning'iniza Mwatime kwa mkia. Mwatime akabembea kichwa chini, miguu juu. Lakini akacheka.

"Unile, Mheshimiwa. Ila askari wakifika tumboni huyeyuka kama chumvi. Bora uwe ndugu yetu, uwarithi."

"Mimi? Ndugu wa panya?"

"Mkia unao. Masharubu unayo. Bado nini?"

Chui akajipapasa masharubu. "Daktari?"

"Kufanana kupo, Mheshimiwa. Nilikuwa nasita tu kusema."

"Ila undugu wa kificho haufai," Mwatime akasema. "Utangazwe uwanjani, wote wasikie."

Ngoma zikalia, vizimba vikaletwa uwanjani, wanyama wakajaa. Chui akapiga goti mbele ya mama yake Mwatime.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," mgonjwa akaitikia kwa sauti ndogo.

Twiga akauma midomo asicheke.

"Sasa mimi shangazi yako nakuuliza," Mwatime akasema. "Bibi yako alale kizimbani? Watu watasemaje?"

Chui akaona haya. "Fungueni vizimba vyote! Na atakayemla panya, amemla ndugu yangu!"

Panya wakatoka, wa kahawia wamewabeba weupe mgongoni, puru! mpaka shimoni.

Chui akasubiri nafuu. Chyaa!

"Shangazi! Askari wangu mbona hawaamki?"

Mwatime akachungulia kutoka shimoni. "Mimi nilizaliwa panya, wewe umetangazwa tu. Askari wa damuni hawasikilizi hotuba!"

Chui akataka kumrukia, lakini nchi nzima ilikuwa ikimtazama, na amri ilikuwa yake mwenyewe. Akaketi, kamasi zikimtiririka.

"Utafiti unaendelea, Mheshimiwa," Fisi akamnong'oneza.

Basi wanangu, anayedhani cheo chake kitampa kila kitu, hudanganywa hata na mfungwa wake.