Kindi Asingiziwa Ajali Tatu

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na magari yenye honi, aliishi mjane mmoja, Bi Kindi. Alikuwa na kigari cha manjano, na kazi yake ilikuwa kuwapeleka hospitali akina mama wanaokaribia kujifungua.

Mji ule ulikuwa na sheria: gari lisilo na bima halitoki nyumbani. Kila mwaka wanyama walipeleka mtama kwa Bi Korongo, na gari la mtu likiharibika, mtama ule ndio uliomlipa fundi. Bi Korongo naye alikuwa na daftari la madereva. Asiye na ajali alitoa kikapu kimoja. Mwenye ajali moja, vikapu vitatu. Mwenye ajali tatu? Alirudishwa na mtama wake, akae mwaka mzima bila kushika usukani!

Bi Kindi alikuwa ameendesha miaka sita bila hata mkwaruzo. Basi akajitwika kikapu chake kimoja, akaenda.

"Hodi, Bi Korongo!"

"Karibu, mwanangu. Lakini rudi na mtama wako. Una ajali tatu."

"Ati nini? Mimi?"

"Umevunja uzio wa soko, umeangusha nguzo ya daraja, umebomoa ukuta wa kinu. Bwana Nyati ameapa hapa hapa kwamba alikuona."

Bi Kindi akatua kikapu chini. Nyati! Kila mtu alijua jinsi Nyati anavyoendesha, vuuu, kama anakimbizwa na moto. Ila hakuna aliyethubutu kusema, kwa kuogopa zile pembe. Na yeye Kindi, wiki ile, alikuwa na akina mama wanne wanaomsubiri. Nani angewapeleka?

"Bi Korongo, nakuomba siku moja tu. Kesho njoo sokoni na daftari lako."

Bi Korongo akamtazama. "Miaka sita nakuona ukisimama kwenye kivuko hata kama anayevuka ni konokono. Nitakuja."

"Ahsante, mama. Ahsante sana!" Machozi yakamlengalenga.

Kesho yake Nyati alikuwa sokoni anakunywa uji. Bi Kindi akaruka juu ya pipa tupu, akaligonga kwa miguu. Pa! Pa! Pa!

"Jamani, nisikilizeni! Nani ameangusha nguzo ya daraja? Mimi! Nani amebomoa ukuta wa kinu? Mimi! Imeandikwa katika daftari!"

"Lo!" wanyama wakashangaa. "Kumbe Kindi ana nguvu hivyo?"

"Niliigusa nguzo kidogo tu kwa bampa, kwi! Ikalala chini. Hata Nyati haniwezi!"

Wanyama wakapiga makofi na vigelegele. Nyati akatikisa masikio. Akaweka bakuli chini. Akapuliza pua, fuuu!

"Mwongo wewe! Kwa bampa? Nguzo ile niliipiga kwa ubavu, nikiteremka mlima bila kushika breki! Puu! Ikatumbukia mtoni! Na uzio niliupita katikati, kacha kacha! Na ukuta wa kinu nao niliubomoa mimi! Kigari chako hakiwezi kuangusha hata mpapai!"

Soko zima likageuka kumtazama.

Nyuma ya magunia ya viazi ikasikika kalamu: kwaru, kwaru, kwaru.

"Ahsante, Bwana Nyati," alisema Bi Korongo. "Ajali zako tatu nimezirudisha kwako. Bi Kindi, lete kikapu chako kimoja."

"Na mimi nitatembeaje mwaka mzima?" Nyati alilalamika.

"Una miguu minne, baba."

Siku ya tatu, asubuhi, Bi Kindi alimwona Nyati amesimama njiani, kichwa chini.

"Dada Kindi, mke wangu ameshikwa na uchungu. Gari langu limefungiwa. Sina uso wa kukuomba, lakini..."

"Maneno baadaye! Mlete haraka!"

Bi Kindi akamlaza mama yule kiti cha nyuma, akaenda taratibu, akiyakwepa mashimo yote. Pii pii! Wanyama waliposikia honi yake wakampisha, kwa kuwa walimwamini. Wakafika salama, na jua halijapanda sana, ndama akalia: mwee!

Nyati akafika mbio, anahema, vumbi mpaka kwenye kope. Alipomwona mwanawe, akapiga magoti mbele ya yule mdogo aliyesingiziwa naye.

"Ahsante, dada. Mimi nilikuchafulia jina, na wewe umeniletea mtoto mikononi. Sina cha kukulipa."

"Nami namshukuru Bi Korongo aliyenisikiliza," alisema Bi Kindi. "Inuka, ukambebe mwanao."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa, wanangu, nanyi kumbukeni hili: anayeendesha kwa uangalifu leo, ndiye anayeaminiwa kesho.