Mtamba wa Nakijwa

Sogeeni karibu, niwape jambo ambalo mimi limenishinda kuamua.

Huko Usangi, kwenye milima ya Upare, ambako ukungu huteremka mpaka ndani ya migomba, waliishi majirani watatu, kila mmoja na kipaji chake. Senzia, mlinzi wa lango la soko, alimtambua mtu kwa mwendo kabla hajafika. Mama Mchome, mama ntilie, aliweza kuwasha moto kwa kuni mbichi siku ya mvua. Na Bibi Foibe, msusi wa vikapu, vidole vyake havikusahau ua lolote alilowahi kulisuka.

Jirani yao alikuwa Nakijwa, binti wa sekondari ambaye homa ilimpofusha. Aliporudi shuleni aliyamudu masomo yote isipokuwa moja. Wenzake waliitazama seli kwa hadubini. Yeye alisomewa majina, akayakariri, lakini kwake yalibaki maneno matupu.

Mwalimu Elinami akamwambia kwa upole, "Nitakuhoji kwa mdomo. Ukinieleza seli inavyoishi, utaendelea na sayansi. Ukishindwa, itabidi uiache."

Nakijwa alirudi nyumbani, akakaa kizingitini akilia. Majirani wakasikia.

Senzia akamshika mkono, akampeleka langoni. "Weka kiganja hapa, usikilize." Nakijwa akasikia mikungu ya ndizi ikiingizwa, taka zikitolewa nje, na mbwa mzururaji akifukuzwa. "Mjomba, kumbe lango halifungi tu. Linachagua." Ndipo akauelewa utando wa seli.

Mama Mchome akamketisha kando ya mafiga. Akaziba upepo kwa gunia, joto likafifia. Akaliondoa, joto likarudi usoni mwa binti. "Kuni bila hewa ni mzigo tu, mwanangu. Vikikutana, ndipo chungu kinachemka." Nakijwa akasema taratibu, "Mitokondria," kama anayetaja jina la mtu aliyemfahamu zamani.

Bibi Foibe alimwekea mapajani kikapu kikuukuu. "Hiki hakitoki nyumbani mwangu, mjukuu wangu. Wasusi huja kukipapasa, kisha huenda kusuka vya kwao." Vidole vya Nakijwa vikafuata mistari, pole pole, mpaka jua likatua. Hiki ndicho kiini cha seli, akawaza. Maagizo hukaa humu. Nakala ndizo husafiri.

Alfajiri ya siku ya kuhojiwa, aliota anaona. Alipita kwenye lango laini lililopumua, nalo likamruhusu. Ndani, ukungu ulikuwa na uvuguvugu, na mafiga madogo yaliwaka huku na huku kama vimulimuli. Katikati palikuwa na chumba, na ndani yake kikapu kimoja kikining'inia, na watu wakitoka kimya kimya, kila mmoja na nakala yake. Hakutaka kuamka.

Mwalimu akamuuliza, "Ukijikata kidole, kidonda kinaponaje?"

Nakijwa akajibu kama anayetembea ndani ya seli. Chakula na hewa hupita kwenye utando. Mitokondria huvitumia kutoa nguvu. Kiini hutoa maagizo, seli ikagawanyika, na kila seli mpya ikaondoka na nakala yake.

Mwalimu akasema, "Umeeleza kama mtu aliyefika huko."

"Nimetoka huko asubuhi hii, mwalimu."

Akabaki kwenye sayansi. Babu yake, mzee Mrutu, kwa furaha akamtoa mtamba wake wa pekee, ng'ombe ambaye hajazaa bado, akamfunga kwa kamba uani. "Huyu ni wa yule aliyemfungulia macho mjukuu wangu."

Majirani wote watatu wakaja.

"Bila lango," akasema Senzia, "asingeingia popote."

"Angeingia kwenye nyumba ya baridi," akasema Mama Mchome. "Nyumba ya baridi ni gofu, shemeji."

Bibi Foibe akacheka kidogo. "Na moto ungewaka kwa kazi gani, kama hakuna ajuaye kinachotengenezwa?"

Hawakugombana, lakini pia hakuna aliyeondoka. Mzee Mrutu akamgeukia mjukuu wake.

"Babu, angekosekana mmoja wao ningeshindwa," akasema Nakijwa. "Ila nililala nikiwa na vitu vitatu, nikaamka vimekuwa kimoja. Hilo sijui nani alilifanya."

Mtamba yuko uani, anatafuna majani ya mgomba. Hagawanyiki akabaki hai, na mzee amekataa kumrudisha zizini. Haya, wewe uliyesikiliza: ile kamba ungemkabidhi nani?