Posa ya Fisi Siku ya Mafuriko

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Sema wewe, sisi ni masikio!"

Pakawa jiwe, jiwe kubwa katikati ya mbuga, na juu yake pimbi wawili, Siwema na Mbaruku. Kiangazi kizima Mbaruku alimwambia Siwema, "Tuoane." Kiangazi kizima Siwema alijibu, "Nitafikiri." Jua likawaka, akafikiri. Upepo ukavuma, akafikiri.

Mvua ikaja. Chururu! Chururu! Maji yakafunika nyasi, yakafunika vichuguu, yakalizunguka jiwe.

"Siwema, tunakufa!"

"Basi nimekubali! Nimekubali, Mbaruku, nishike mkono!"

Papo hapo, chubwi! Fisi akatoka majini, akapanda jiweni, akajikung'uta.

"Hamjambo, vitoweo?" akasema. "Nitaanza na huyu dume mnene, nimalizie na mwembamba."

Radi ikapiga. Kpaa! Fisi akajikunja, meno yakagongana. Siwema akamwona. Akasogea.

"Bwana Fisi, moyo wako unasemaje?"

"Du! Du! Du!"

"Na magoti?"

"Yamelegea."

"Na mate?"

"Yamekauka."

"Maskini! Umependa."

"Mimi? Nimempenda nani?"

"Kabla hujaniona, ulikuwa hivi?"

Fisi akafikiri. "La."

"Basi ni mimi."

Radi tena, kpaa! Moyo tena, du! Fisi akamtazama Siwema kwa macho mapya.

"Lo! Kumbe kweli, mpenzi! Ngoja basi nimle huyu mnene, tubaki wawili."

"Umle shemeji yako? Huyu ni kaka yangu."

"Kaka?" Mbaruku akaruka. "Mimi, kaka?"

"Nyamaza, kaka." Siwema akamgeukia Fisi. "Na wewe, mbona umekaa? Mwenye kupenda hupeleka posa. Unakiona kilima kile? Wazazi wangu wako kule."

"Nipite katika maji haya?"

"Moyo unasemaje?"

"Du-du-du-du!"

"Unazidi kunipenda."

Fisi akajitupa. Chubwi! Maji yakambeba, yakampindua, yakamtapika mbali, ng'ambo ya mbuga. Mvua ikakatika. Jua likatoka. Fisi akaweka mkono kifuani, akasikiliza. Tuli. Akasikiliza tena. Tuli kabisa.

"Mapenzi yamekwisha!" Akacheka mpaka akalala chali. "Afadhali! Nusura nioe pimbi!"

Akaenda zake, hakugeuka nyuma.

Maji yakashuka. Jiwe likapata joto. Siwema akajianika manyoya. Mbaruku akakaa kando, akampa mgongo.

"Una nini, kaka?"

"Usiniite kaka." Mbaruku akamgeukia. "Siwema, ulinikubali maji yakiwa shingoni. Kama neno lile lilikuwa la radi, sema tu. Nitangoja kiangazi kingine."

Siwema akaweka sikio kifuani mwa Mbaruku. Du! Du! Du!

"Mbona unakwenda mbio? Radi imekwisha. Fisi amekwenda."

"Naogopa utasema utafikiri."

Siwema akacheka. Akauchukua mkono wa Mbaruku, akauweka kifuani mwake. Tu... tu... Polepole, kama moyo wa mtu aliyelala kwao.

"Wangu umetulia," akasema. "Na bado nimekubali."

Mbaruku akashusha pumzi. Fuuu! Pumzi ya kiangazi kizima, hata nyasi zilizolowa zikainama.

Fundisho, enyi vijana: ukiambiwa "nitafikiri", usipoteze muda kwa subira wala maneno mazuri. Tafuta mafuriko. Tafuta radi. Tafuta na fisi mmoja mwenye njaa. Ukimkosa fisi, usioe.

Hadithi yangu imefika nchi kavu. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Fisi, yeye hula chochote.