Mikono Iliyoisimamisha Pikapu

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Waliosema hivyo walitaka mtu akiona jambo limekwenda salama asikimbilie kusifu bahati, bali aulize ni mikono ya nani iliyolitengeneza. Maana mikono hiyo ndiyo husahaulika kwanza.

Katika mtaa wa Nyasura, mjini Bunda, palikuwa na fundi wa magari aitwaye Wegesa, mwanamke mfupi mwenye vidole vigumu kama mizizi. Baba yake alikufa juu ya lori la pamba lililokatika breki. Siku ya mazishi wakubwa walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema ajali haina kinga, wakala wali, wakaondoka. Hakuna aliyemuuliza mwenye lori breki zile zilitazamwa lini. Wegesa alikuwa na miaka tisa. Hakusahau.

Siku moja dereva mmoja, Mseti, alimletea pikapu yake kuukuu, aliyoitumia kubebea dagaa kutoka Kibara hadi mnadani Butiama. Alitaka afungiwe honi inayolia kama ya basi.

"Honi ya nini, kaka, na gari halisimami?" Wegesa aliuliza baada ya kulijaribu.

"Linasimama! Ukipampu pedali mara tatu linasimama. Mimi huwa naanzaga kupampu tangu juu ya kilima."

"Na siku utakayopata nafasi ya mara moja tu?"

"Aa, dada, ajali haina kinga."

Wegesa aliweka spana chini. "Neno hilo walilisema juu ya kaburi la baba yangu. Hapa kwangu halisemwi. Nikubadilishie breki, au uliondoe gari lako."

Mseti alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Akakubali.

Kwa siku nne Wegesa alilala chali chini ya pikapu. Aling'oa ngoma za breki za magurudumu ya mbele, zile ambazo zikipata moto mteremkoni hulegea, akafunga diski pana za gari kubwa zaidi. Akabadilisha mipira na mabomba yote, akaweka busta ya kuongeza nguvu ya mguu. Wapita njia walimtania: "Gari halijapakwa hata rangi! Fundi gani anatengeneza pasipoonekana?" Mseti alipokwenda kulijaribu, alikanyaga kwa mazoea yake ya zamani, paji la uso likagonga usukani.

"Taratibu, bwana!" Wegesa akamwambia. "Sasa linasikia."

Wiki iliyofuata Mseti aliteremka kilima karibu na Butiama, magunia yamejaa nyuma, mchuuzi wa dagaa Mama Adventina ameketi kando yake. Alipomaliza kona, barabara nzima ilikuwa watu. Msafara wa mazishi ulikuwa ukivuka kwa wimbo, jeneza mabegani.

"Yesu wangu!" Mama Adventina alipiga yowe.

Mseti alikanyaga mara moja. Nafasi ya mara ya pili haikuwepo. Pikapu iliinamisha pua kama fahali anayetaka kupiga pembe, magunia yakasukumana, matairi yakalia. Ikasimama. Kati ya bampa na jeneza palibaki nafasi ya mtu kupita kiubavu.

Wimbo ulikatika. Mzee mmoja alichungulia kwenye matundu ya rimu, akanyunyiza maji ya chupa yake: tsss! Mvuke ukapanda. Waombolezaji wakaanza kuinama mmoja mmoja, wanawake wakishika kanga zao, wakazitazama diski. Mwendo wote ule, uzito wote ule wa magunia na watu, ulikuwa umemezwa na vipande vya chuma visivyozidi sahani, vikageuza kishindo cha kifo kuwa joto tu.

"Muujiza," mchungaji alinong'ona. "Bahati ya marehemu."

Mseti alishuka. "Mchungaji, Mungu namshukuru. Lakini bahati msiseme. Yuko mwanamke Nyasura, anaitwa Wegesa. Alilala siku nne chini ya gari hili, sisi tunamcheka."

"Wegesa," akarudia mmoja wa wabeba jeneza. Jina likapita mdomo kwa mdomo hadi mkia wa msafara, kwa sauti ya chini, kama watu wanaoingia kanisani.

Kaburini mchungaji alimwombea marehemu, akawaombea wafiwa. Kisha akamwombea fundi ambaye hajapata kumwona, kwa jina lake. "Amina" ya watu wale ilisikika hadi barabarani. Hakika, ukiona vyaelea, vimeundwa.