Mwenye Maji Yote

Paukwa!

Pakawa!

Ipo hadithi, niilete?

Ilete!

Na uongo wake niuache nyumbani?

Usiuache, ndio tunaoutaka!

Haya. Siwatu, ondoa mguu wako kwenye mkeka wa mwenzio. Na atakayenikatiza, atamalizia yeye.

Zamani hizo jua liliwaka mpaka nchi ikakauka kau. Mto ukakauka, visima vikakauka, likabaki bwawa moja tu. Na huko mwituni kulikuwa na desturi: kitu ni cha aliyekitaja jina mbele ya shahidi, kisha akakikalia. Akiinuka, basi, kimemtoka. Kiboko, ambaye tumbo lake halijui kutosheka, akamwita Kanga awe shahidi, akapaza sauti: "Maji! Maji ni yangu!" Kisha chubwi! Akaketi bwawani. Akalijaza lote, akabakisha macho na matundu ya pua. Akila, anakula magugu ya ukingoni. Akilala, analala humo humo. Hainuki ng'o!

Sasa, alikuwepo Mama Sange, kijinyama cha pua ndefu, ukubwa wake hauzidi panya. Ana watoto wawili shimoni. Asubuhi moja aliwasikia wakilia, akawapangusa macho, akakuta makavu. Watoto wanalia bila machozi! Mama Sange akaingiwa na hofu isiyo na mfano. Akatoka mbio, tiki tiki tiki, mpaka bwawani.

"Shikamoo, Mwenye Maji."

"Marahaba. Umefuata nini hapa?"

"Sikufuata kitu, bwana. Nimepita kukupa pole tu. Huko nyasini watu wanalamba umande bila ruhusa yako."

"Umande ndio nini?"

"Maji hayo, bwana."

Kiboko akafumbua macho yote mawili. "Maji yangu?"

"Uliutaja?"

"Sikuutaja."

"Uliukalia?"

"Sikuukalia."

"Basi si wako. Na jua likipanda kidogo tu, hutaukuta."

Loo! Mlafi humwambii ngoja. Kiboko akainuka, maji yakamporomoka mbavuni, shwaa! Akatoka ndu, ndu, ndu, hata nyuma hakutazama. Kanga alikuwa ukingoni pale, akamwona vizuri anavyoinuka. Hakusema neno, na mnajua Kanga kunyamaza kwake ni kazi.

Kufika nyasini, Mama Sange nyuma yake, Kiboko akapaza sauti: "Umande! Umande ni wangu!" Akaketi, puu! Kutazama chini, manyasi yamelala, umande hakuna.

"Umekwenda wapi?"

"Umepanda juu, bwana. Tazama kilimani kule, kumejaa ukungu."

"Ukungu nao ni maji?"

"Maji hayo, bwana."

"Niliutaja?"

"Hukuutaja."

"Niliukalia?"

"Hukuukalia."

"Basi twende, shahidi utakuwa wewe!"

Wakapanda. Kiboko anahema, hoo, hoo, hoo. Mama Sange mbele, tiki tiki tiki. Kileleni ukungu ukawameza wote wawili. Mama Sange hakuona hata ncha ya pua yake, na pua yenyewe ndiyo ile. Matone yakatua kwenye sharubu zake, madogo madogo, ya baridi. Mwili ukamsisimka. Alikuwa amekuja kudanganya, na kumbe kila alilosema lilikuwa kweli.

Mara ukungu ukapasuka katikati. Subhanallah! Mbali kule ulisimama mlima mrefu kuliko yote aliyoijua, kichwa chake cheupe pe. Juu yake mawingu yamepangana, meusi tii, na chini ya mawingu mvua inaning'inia kama nguo kwenye kamba. Mama Sange akashika kifua. Yote yale maji! Yanatembea angani, yanalala juu ya mlima, yanakaa hata ndani ya macho ya watoto, na hayajamwomba mtu ruhusa. Kiu yenyewe aliisahau kwa kitambo kile.

Kiboko naye alikuwa ameachama kinywa.

"Ule weupe ni nini?"

"Theluji. Maji hayo, bwana."

"Na lile jeusi?"

"Wingu. Maji hayo, bwana."

"Na ile inayoning'inia?"

"Mvua."

Kiboko akameza mate. Sauti yake ikatoka ndogo kabisa. "Sasa yote hayo, Mama Sange, nitayakalia lini?"

Wakatazama tu, mkubwa na mdogo, bega kwa goti. Jua likapanda, likaichoma ile ngozi iliyozoea bwawa. Mgongo ukaanza kudondosha matone, ndo, ndo, ndo.

"Na haya yanayonitoka?"

"Jasho. Maji hayo, bwana."

"Jasho! Jasho ni langu!" Akaketi juu yake, puu! Akatabasamu, maana hili halikukimbia.

Ndipo wakasikia makelele bondeni. Wanyama wote wamo bwawani! Twiga kainamisha shingo, Nyati kazama mpaka mabegani, na watoto wa Mama Sange wako mgongoni kwa Nyati, wanakunywa gu, gu, gu. Wote wamesimama. Kanga anazunguka ukingoni akipiga kelele, "Asikae mtu! Asikae mtu!"

Kiboko akashuka mbio, nusu anakimbia, nusu anabingirika. "Tokeni! Maji ni yangu!"

"Uliinuka," akasema Kanga. "Nimekuona kwa macho yangu haya."

Kiboko akawatazama mmoja mmoja, hakuna aliyeinamisha uso. Akamgeukia Mama Sange.

"Basi mimi nimebaki na nini?"

Mama Sange alikuwa amekwisha kushuka na kuwakumbatia wanawe. Akamtazama Kiboko, akamwonea hata huruma.

"Umebaki na jasho, bwana. Umelitaja, umelikalia, na shahidi nilikuwepo. Hilo hata ukiinuka unainuka nalo, hakuna atakayekunyang'anya."

Mimi nimefika mwisho, kinywa kimekauka, aliye karibu na mtungi anichotee. Na funzo la hadithi ni hili, mlishike vizuri: msipoteze wakati wenu kujifunza majina ya vitu. Mama Sange aliyajua yote, na akapata nini? Maji tu!